Michembe ya Luhende

Mafinga, mbele ya msalaba

Mnaniuliza kwa nini nimerudi kimya. Nimerudi kimya kwa sababu nimeliona kaburi langu.

Liko Mafinga, nyuma ya viwanda vya mbao, pale miti ya paini inapoanzia. Msalaba wake ni wa mbao ya dawa, ile isiyoliwa na mchwa, umepigwa randa mpaka umelainika. Herufi zimechongwa kwa patasi: NYUZI SITA, MWANAMUZIKI. Basi. Hakuna jina la baba wala la ukoo.

Nyuzi Sita ni mimi. Wazazi wangu waliniita Masanja, lakini bendi nzima na wapenzi wake, kuanzia Mbeya mpaka Iringa, walinijua kwa Nyuzi Sita, mpiga solo. Nilisimama pale na mfuko wa michembe, viazi vikavu, mkononi, baridi inanipenya, na nikamjua aliyelala humo chini. Ni Luhende, mpiga drams wetu, ambaye jukwaani tulimwita Radi. Nilimjua kwa sababu ya koti. Koti langu la bendi lilishonwa jina langu mgongoni kwa uzi wa njano, na mara ya mwisho kuliona alikuwa amelivaa yeye. Alikuwa anatetemeka, nikamvua shati lililolowa, nikamvika.

Na Luhende hakuwahi kubatizwa. Wamemwekea msalaba, na jina la mtu mwingine.

Michembe ile ilikuwa yake. Mama yake alinituma nimpelekee.

Kutoka Chunya

Wengi wenu mnanijua hapa Chunya kama mlinzi wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kelele ile inanifaa. Ikinyamaza nasikia vitu vingine. Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili vilivyobaki na akili, vingine viliachwa kwenye ajali, na gitaa halichezwi kwa vidole viwili. Hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba tulikuwa wawili.

Mimi na Luhende ni watoto wa wafugaji waliotoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe mpaka bonde la Usangu. Yeye alizaliwa Shinyanga. Mimi nilizaliwa njiani, ng'ombe wakiwa wametangulia. Usangu tumekaa, tumelima mpunga, tumezika babu zetu, na bado tunaitwa wahamiaji. Shule niliishia darasa la nne, maana ng'ombe hawasubiri kengele. Luhende hakufika hata hapo. Lakini baba yake alikuwa mpiga ngoma, na mkono wa Luhende ulikuwa ukigusa ngozi, watu wanageuza shingo.

Mwezi uliopita simu ililia nikiwa karashani. Ilikuwa sauti ya mama yake Luhende.

"Masanja, baba yenu amefariki. Tumeshamzika."

Nikampa pole ya mumewe. Akaipokea haraka haraka, kama mtu anayepokea chenji.

"Ngoma ya baba inatakiwa ipokewe na mtoto mkubwa. Mtafute mwenzako. Kama ni Zambia, kama ni wapi, mtafute. Mwambie mama hajakasirika."

Maana sisi sote tuliamini Luhende yuko Zambia. Nani alitwambia? Ngojeni nifike.

Soweto

Nilishukia Mbeya nikiwa mwekundu kwa vumbi la Chunya, nikaenda mtaa wa Soweto kwenye ile baa tuliyopigia kila Ijumaa na Jumamosi. Nilitaka kuanza kuulizia pale. Nikakuta baa imekuwa duka la mabati. Pale palipokuwa na jukwaa pamesimamishwa matangi ya maji, na muuzaji alikuwa kijana mstaarabu tu, hana kosa.

"Karibu mzee, tukusaidie bati geji gani?"

"Natafuta bendi iliyokuwa inapiga hapa."

Akanitazama. "Bendi? Hapa? Mzee, hapa ni bati."

Nje nilimkuta mama muuza ndizi za kuchoma aliyekuwepo tangu enzi zetu. Yeye alinikumbuka. Aliufunika mdomo alipoona mkono wangu, kisha akanipa ndizi mbili na parachichi, akakataa nimlipe.

"Na yule mwenzako, yule mweusi wa kucheka cheka?"

"Radi. Ndiye ninayemtafuta."

"Si alivuka Tunduma? Jenerali alisema hivyo. Alisema huyo Msukuma kamkasirikia, kaenda kupigia Wazambia."

Jenerali ndiye alikuwa kiongozi wa bendi. Jina lake la kwao ni Zakayo Mdetele, nalitaja lote. Sasa yuko Iringa, ameunda bendi mpya. Nikaamua niende kwake, maana kama kuna mwenye namba ya simu ya Radi ni yeye. Ndivyo nilivyofikiri. Nilikula ile ndizi nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa mtaro, watu wanapita, hakuna aliyejua kuwa mtu huyu aliwahi kuwazuia wasirudi nyumbani kwao hadi kunakucha.

Usangu, kwa mama

Nilikata shauri nipitie kwanza kwa mama yake Luhende, nitoe pole ana kwa ana. Kutoka barabara kuu ni bodaboda, na mvua ilikuwa imelala mashambani. Dereva wangu alikuwa Msangu mwenye maneno.

"Msukuma, ng'ombe umemwachia nani?"

"Nimemwachia mjomba wako, anamkamua."

"Aa, mjomba atakunywa yote!" Akacheka mpaka pikipiki ikayumba, tukaanguka wote kwenye tope. Nilifika kwenye msiba nikiwa na tope mpaka masikioni. Mama alinicheka, halafu akalia, halafu akaniletea maji.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mwanangu. Umekonda kama fimbo ya kuchungia."

Nywele zake zilikuwa zimenyolewa, kwa ajili ya mumewe. Alipoona nazitazama akasema, "Hizi ni za baba yenu." Sikumwelewa alichotaka kusema. Nimekuja kumwelewa baadaye.

Tulikaa. Akanionyesha kigoda cha marehemu, kiko pale pale chini ya upenu wa paa. Nikakumbuka siku Jenerali alipokuja na gari kumwomba Luhende. Kwetu mtoto haondoki hivi hivi na mgeni. Jenerali alikalishwa kwenye kigoda kile kile, akapewa maziwa kwenye kibuyu, na baba akamuuliza mara tatu, mbele ya majirani: "Unamchukua?" Jenerali akajibu mara tatu: "Namchukua." "Utamrudisha?" "Nitamrudisha." Akanywa, akafuta mdomo, akasema maziwa ya Wasukuma ni matamu kuliko bia. Tulicheka sote.

Asubuhi mama alinifungia michembe kwenye mfuko, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Luhende alikuwa akitafuna hivyo hata jukwaani, kati ya wimbo na wimbo. Tulimwambia atavunja meno, na kweli jino moja la mbele lilikatika.

"Akila hivi atakumbuka kurudi," mama akasema. "Mwangalie mpaka ale. Uje uniambie amekula."

Makambako kwenda juu

Basi lilipofika Makambako sikushuka hata kununua maji. Pale ndipo bendi yetu ilipopiga mara ya mwisho. Asubuhi yake gari dogo la bendi lilijaa: Jenerali, mwimbaji wake wa kike, wacheza shoo na spika. Lori la mbao lilikuwa linakwenda Iringa. Jenerali akaonyesha kwa kidole juu ya mbao, ambako vyombo vilikuwa vimefungwa kamba.

"Nyuzi Sita, Radi, nyie pandeni na vyombo."

Luhende akasema, "Bosi, mvua hiyo inakuja."

"Wasukuma mmekaa na ng'ombe mvuani miaka yote, mtashindwa kukaa na mbao?"

Wote ndani ya gari wakacheka. Na sisi tukacheka. Hicho kicheko chetu ndicho kinachonikera zaidi. Tulipanda. Dereva wa lori waliyemwita Kipara alikuwa ananuka pombe asubuhi ile, nilimwambia Jenerali, akasema, "Huyu anaijua barabara hata amefumba macho." Mvua ilitukuta kwenye miti ya paini. Nikamvika Luhende koti. Kuna kona, kuna honi, halafu mimi nakumbuka harufu ya mbao mbichi tu. Kipara alikimbia na hajaonekana.

Niliamka hospitali Iringa. Jenerali alikuja na machungwa. Alisimama mlangoni muda mrefu, ananitazama, hakusogea. Nilidhani anaonea huruma mkono wangu. Nikauliza, "Radi?"

Akatafuta maneno. "Radi mzima. Hana hata mchubuko. Amekasirika tu, amevuka Tunduma."

Akaweka machungwa kwenye kiti, akaondoka bila kukaa. Sikumwona tena mpaka safari hii.

Kwa Mama Tuli

Basi letu lilikata mkanda wa injini kabla ya Mafinga kidogo. Kondakta akasema ni dakika chache tu, na watu wazima tukajua ni mchana mzima. Abiria wakatawanyika kwenye vibanda vya karibu na viwanda. Mimi nikaingia kwa mama mmoja mnene aliyevaa sweta mbili, kibanda chake kimezungukwa na vilima vya maranda.

"Kamwene, baba. Ingia, moto uko huku."

"Kamwene, mama."

"Unaitikia kama Mhehe lakini unatetemeka kama mtu wa joto. Wa wapi?"

"Msukuma. Wa Usangu."

"Ndiyo maana! Wasukuma mkifika hapa mnataka kuikumbatia sufuria."

Akanipa chai ya tangawizi na kande. Jina lake ni Mama Tuli. Aliuona mkono wangu nilipokishika kijiko, akauliza bila kuzunguka, kama wanavyouliza watu wema. Nikamwambia nilikuwa mwanamuziki, lori la mbao lilituangusha huku huku.

Akaacha kukoroga. "Lile la bendi? Basi ulikuwa na yule marehemu!"

"Marehemu gani?"

"Nyuzi Sita. Tulimzika sisi wa hapa. Mafundi walichonga msalaba, mimi nilipika."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Mama, Nyuzi Sita ni mimi."

Akakasirika kweli. Akachukua kikombe changu. "Baba, utani una mahali pake. Marehemu hataniwi. Koti lake nililiona kwa macho yangu, jina limeshonwa mgongoni."

Nadhani uso wangu ulimwambia kuwa sitanii, maana alikirudisha kikombe polepole.

"Alikuwaje?" nikauliza.

"Mwembamba. Mweusi. Jino la mbele limekatika. Na bangili ya shaba, waliomwosha wakashindwa kuitoa, wakasema bora aende nayo."

Bangili ile alivishwa na baba yake akiwa mtoto, na mkono ukakulia ndani yake.

Nikamuuliza nani alisema huyo ni Nyuzi Sita. Akasema kwenye boksi la kinanda palikuwa na namba ya simu. Fundi mmoja alipiga. Mwenye simu akauliza, "Kavaa nini?" Wakamsomea koti. Akasema, "Ndiye. Hana ndugu huku, nisaidieni mzikeni." Wakamsubiri aje hata kutupa udongo. Hakuja. Jina la kwao hawakulijua, wakaandika walilolisoma.

Siwalaumu watu wa Mafinga. Walimzika mtu wasiyemjua kama wanamjua. Hili ni kosa letu sisi watu wa muziki, tunavuliwa majina ya baba zetu siku ya kwanza ya mazoezi, na tunafurahi. Kwenye bendi ile waliojua Radi anaitwa Luhende ni mimi na Jenerali tu. Mimi nilikuwa nimezimia.

Mama Tuli alinipeleka. Kaburi lilikuwa limefagiliwa. Akasema, "Nilikuwa nakufagilia wewe," kisha akajiziba mdomo kwa upande wa khanga. Akaniacha peke yangu. Nilitaka kumwachia Luhende michembe, nikafungua mfuko, nikaufunga. Mama alisema nimwangalie mpaka ale. Ningemwambia nini?

Basi lilipotengenezwa nilipanda. Siti ya jirani ilikuwa wazi, nikaweka mfuko pale. Mtu akitaka kukaa nilisema kuna mtu.

Iringa

Nilimkuta Jenerali mchana, ukumbini, anafundisha vijana wake. Niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa wanapiga solo yangu, ile niliyoitunga kwa kufuata mwendo wa ng'ombe wanaporudi zizini. Kijana aliyeipiga alikuwa na vidole vyote, na haraka nyingi.

"Nyuzi Sita!" Jenerali akapanua mikono. Amenenepa. "Vijana, simameni, huyu ndiye baba yenu wa solo. Mzee wa Chunya! Umetuletea dhahabu?"

"Nimeleta michembe."

"Aisee! Lete." Akaingiza mkono kwenye mfuko aliofunga mama, akachukua kipande, akatafuna. "Mmh. Siku nyingi. Nani katengeneza?"

"Mama yake Radi. Ni mzigo wa Radi. Kasema nimwangalie mpaka ale."

Akaendelea kutafuna, lakini taratibu.

"Nimepitia Mafinga," nikasema. "Nimejiona."

Taya likasimama. Hakumeza, hakutema. Akanishika bega, "Tuongee nje, Masanja." Ndiyo mara ya kwanza aniite Masanja.

Nje alisema haraka haraka. "Walinipigia simu, wakasema koti la Nyuzi Sita. Ningejuaje? Nilikulilia wewe, haki ya Mungu."

"Hapo nakusamehe. Nilipofumbua macho, je?"

Akageuka kama anataka kurudi ndani.

"Jenerali. Siku ile mlangoni, na machungwa yako. Uliniona mzima. Ulijua pale pale aliyezikwa ni nani."

"Nilishachelewa."

"Kuchelewa nini? Mtu anachelewa kumwambia mama kwamba mtoto wake amekufa?"

"Ungeniambia nifanye nini? Ndugu zenu wangekuja, nyie mkija mnakuja ukoo mzima. Wangeuliza nani kawapandisha juu ya mbao. Nina watoto, Masanja." Kisha akapata nguvu kidogo. "Na kazikwa vizuri. Ana msalaba. Kuna wanamuziki wangapi wana msalaba?"

"Hana jina."

"Tutaandika jina. Nitatuma mtu."

"Mama yake anataka uende wewe," nikasema. Sikuwa nimetumwa maneno hayo, nilijisemea tu.

Akatikisa kichwa. "Siwezi. Huyo mama nikimtazama... siwezi. Mwambie wewe, wewe ni mtoto wa kule." Kutoka ndani kijana akaita kwamba wako tayari. Jenerali akafuta midomo kwa kiganja, akaingia. Nikamsikia anasema, "Haya, tuanze tena, kutoka juu." Na ile solo yangu ikaanza.

Nilikaa stendi ya Iringa nikiwa nimeshika mfuko. Watu waliongea pembeni yangu kwa Kihehe, kwa Kibena, na mimi nilikuwa na maneno ya Kisukuma peke yake kichwani, na mtu wa kuyasemea alikuwa nyuma yangu, Mafinga, chini.

Kurudi Usangu

Mama alinitazama ninavyotembea, akatazama mfuko. Sikuanza mimi.

"Amekula?"

"Hakula, mama."

"Nani kala? Mfuko umepungua."

"Jenerali alikula kipande kimoja."

Akakaa chini. Nikamwambia yote, kwa Kisukuma, tangu mvua mpaka msalaba. Nilimwambia na bangili. Aliposikia bangili alipumua kwa muda mrefu, na nikaona kwamba alikuwa anajua zamani, mwili wake ulikuwa unajua. Hakupiga kelele. Majirani walikuwa wamesogea uani wakisubiri alie ili na wao walie. Wanawake walikuwa wameshika wembe na maji ya kumnyolea tayari.

Akawainulia mkono wangoje.

"Masanja, nani alikuja hapa kumwomba?"

"Jenerali."

"Alikaa wapi?"

"Kwenye kigoda cha baba."

"Alikunywa nini?"

"Maziwa."

"Alisema nini?"

"Alisema namchukua. Alisema nitamrudisha."

"Wabeja, mwanangu. Nakushukuru. Umetembea. Lakini wewe hukumchukua, kwa hiyo huwezi kumrudisha, hata habari yake huwezi. Aliyekunywa maziwa ndiye atakayeniambia. Mpaka hapo mimi sijasikia kitu."

Akachukua mfuko wa michembe akaurudisha juu ya dari, mahali pakavu. Wanawake wakaondoka na wembe wao. Ngoma ya baba imeegemezwa ukutani, haipokelewi wala haifunikwi. Nywele za mama zimeanza kuota, nyeupe. Amesema za mumewe alizinyoa, hizi ni za Luhende, na hazitanyolewa na maneno ya kutumwa.

Ndiyo safari yangu hiyo, jamani. Msiniulize tena.

Na wewe, Zakayo Mdetele, nawaambia hawa wakufikishie, maana simu yangu hupokei. Usitume mtu, usitume jina la kuchongwa wala rambirambi. Ulikuja Usangu na gari ukajibu mara tatu mbele ya majirani, na majirani wale wale wapo. Kigoda kipo chini ya upenu, hakuna aliyekikalia. Njoo ukikalie. Mtazame mama usoni, umwambie mtoto wake yuko wapi, na nani alimpandisha juu ya mbao. Hatutakugusa. Maziwa utapewa. Sema, mama anyoe.